Penseli Zenu, Mkeka Wetu

8 Septemba

Kwako Kipaza, dada yangu,

Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena nikaichana. Si kwamba habari ni mbaya. Ni nzuri mno, na mimi habari nzuri sijui kuzitangaza. Basi naitema: TUNAHAMIA KWENU. Baba amepata kazi upande wenu wa mpaka, kwenye ule mradi wa maji, fundi mkuu wa mabomba. Januari tunavuka sote na magodoro yetu. Likizo ukitoka bweni utanikuta kitandani kwako nimeshajitandaza. Sogea kabisa.

Naomba usipige kelele ukisoma hapo. Utawaponza wenzako.

Sasa shida. Unamkumbuka mdogo wetu Fundi alivyo? Ametimiza miaka mitano na amezidi. Anatembea na spana mbovu ya Baba kiunoni, kila kitu kwake ni bomba, na kila bomba linavuja. Wiki iliyopita alifungua koki ya uani, akachimba mfereji mpaka mlangoni kwa jirani. Jirani kafungua mlango, kandambili zake zinaelea zinaondoka.

Huyo ndiye anayetakiwa kuingia chekechea ya shule anayofundisha mama yako, Mama Mkubwa, kwa sababu ndiyo pekee iliyo karibu na kwenu. Na Baba anasema pale mtoto wa miaka mitano anafanyiwa usaili. Akishindwa anabaki huku kwa Bibi mwaka mzima, ajaribu tena. Sisi tuvuke, yeye abaki. Hapo ndipo penye roho yangu.

Kwetu, kama unavyojua, serikali imesema mtoto wa chekechea asishikishwe penseli mpaka aingie darasa la kwanza, na afundishwe kwa lugha anayoongea nyumbani. Mama anailinda sera hiyo kama aliizaa yeye. Darasani kwake hakuna dawati hata la dawa. Ni mkeka, mchanga, vifuniko vya chupa, beseni la maji. "Herufi hazina miguu," anasema, "hazitakimbia." Kwenu ni madawati, madaftari, na Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mama yangu na mama yako wakipigiana simu ndiyo utani wao. "Ninyi mnacheza tu!" "Na ninyi mmefungua jela ya watoto!" Wanacheka wee. Mimi sicheki tena, maana safari hii aliye katikati ni Fundi.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili na nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilipoingia sekondari kila somo likageuka Kiingereza, nikanyamaza. Si kwamba sijui. Ni kwamba nikishapanga sentensi kichwani, nikaikagua, nikaipiga pasi, mwalimu yuko ukurasa mwingine. Ndipo mkaniita Konokono. Jina nimelizoea, lakini nyumba moja haiwezi kubeba konokono wawili. Fundi akienda huko mikono mitupu atajifungia kama mimi.

Kwa hiyo niambie: wewe ulipofanyiwa usaili ule walikuuliza nini? Nitamfundisha mwenyewe. Mama asijue, atasema nimemsaliti.

Wako,
Konokono


19 Septemba

Mdogo wangu Konokono,

Nimepiga kelele. Matroni amenipa adhabu ya kufagia bwalo zima na nimelifagia nikiimba. TUNAISHI PAMOJA JAMANI. Upande wa dirisha ni wangu, hilo halina mjadala.

Fundi mwachie mtaalamu. Shule ile nimesoma mimi, usaili ule nimeufanya mimi, kwa hiyo kaa utulie unisikilize.

La kwanza ni mkao. Mikono ikunjwe kifuani, mgongo kama rula, asiongee mpaka aulizwe. Akiingia tu aseme "Gudi moningi, ticha," hata kama jua linazama. Atapewa penseli aandike jina lake, kisha namba, halafu ataonyeshwa vitu avitaje kwa Kiingereza: kikombe, mpira, kuku, vitu vya namna hiyo. Asiguse chochote bila ruhusa. Asiulize maswali, hasa yale yake ya "maji haya yanatoka wapi". Na kubwa kuliko yote, asijiloweshe. Mwalimu Mkuu wetu anapenda usafi kuliko anavyompenda mumewe.

Usimtegemee mama yangu. Hatakuwa ndani, pale ndugu hasaili ndugu. Na Mama Mdogo usimwambie kabisa. Nampenda mpaka basi, lakini ninyi huko mnacheza tu, na huku kwetu hakuna anayeambiwa apike mchanga.

Anza leo. Miezi miwili inatosha kumnyoosha hata nguruwe.

Kipaza


2 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa, Mama Fundi,

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungecheka, na mimi ningesikia.

Wizara yetu imepinduka. Tumepata waraka: kuanzia mwaka mpya madawati ya chekechea yatolewe, penseli zisubiri darasa la kwanza, watoto wafundishwe kwa kucheza na kwa lugha ya nyumbani. Unajua wameitoa wapi habari hiyo? Kwenu! Wajumbe wetu walikuja kutembelea madarasa ya huko, wakakuta watoto wanajadiliana juu ya mchanga kama wabunge, wakarudi macho yanawaka. Sitashangaa kama walifika kwako. Kuna mmoja mnene, ana miwani mikubwa, kila kitu anauliza "kwa nini". Ulimlisha nini yule bwana? Amerudi anatutaka tukae chini.

Chini, mdogo wangu! Kwa magoti haya! Nimepewa mkeka na karatasi inayosema "mwalimu awezeshe mchezo huru". Jana nikamwaga mchanga, nikawaambia watoto wangu, "Haya, chezeni." Wakanitazama. Halafu mmoja akanyoosha mkono, akauliza, "Ticha, tucheze ukurasa wa ngapi?"

Nilitoka nje nikashika ukuta.

Miaka yote hii nimekutania. Sasa naomba radhi, naomba msaada, na naomba usimwambie mtu hata mmoja mpaka nijue ninachokifanya. Wenzangu wanadhani nimeelewa. Mchanga unafanywaje? Vifuniko vya chupa ni vya nini hasa?

Usaili nao si ule. Mtoto ataachwa mkekani na beseni la maji na vikorokoro, walimu wanamtazama anavyobuni. Asiyecheza ndiye atakayeambiwa asubiri mwakani. Kwa hiyo mwanangu Fundi namhesabu ameshaingia. Usimfundishe chochote. Mlete alivyo.

Dada yako mwenye magoti


11 Oktoba

Dada,

Nimecheka. Ningekuficha ungejua. Na kwa kuwa umesema nisimwambie mtu, ilibidi nijifungie stoo nicheke peke yangu kama mwendawazimu. Nikitoka mume wangu ananiuliza kuna nini, namwambia panya. Siri yako iko salama. Hata watoto sijawaambia kwamba usaili umebadilika.

Yule mwenye miwani alikuja, ndiyo. Alikaa mkekani kwangu mpaka watoto wakamwoza kwa mdoli.

Sasa zamu yako kucheka. Wakati wajumbe wenu wako huku, wa kwetu walikuwa huko. Wameona watoto wenu wamepanga mstari, madaftari safi, kila mmoja anaandika jina lake, wakarudi wanatokwa na mate. Ijumaa nimeletewa boksi la penseli na waraka: kuanzia Januari, mtoto asitoke chekechea hajui kuandika jina lake. Nadhani walipishana mpakani wakapungiana mikono. Nami nakuomba ulichoniomba: nifundishe penseli. Niligawa chache kujaribu, mmoja ameila.

Kuhusu mchanga. Usiwaambie watoto "chezeni". Hiyo ni amri, na wewe ukiamuru wanakunja mikono. Kaa chini, anza kucheza mwenyewe, na ucheze vibaya. Jenga nyumba ianguke. Weka mlango juu ya paa. Hakuna mtoto anayeweza kuvumilia mtu mzima anayecheza vibaya, atakuja kukurekebisha. Akishakurekebisha, umempata.

Fundi hajambo, ila amepoa siku hizi. Uani pamekauka mpaka jirani kaniuliza kama tunaumwa. Nadhani ni meno yanamsumbua. Dada yake anakaa naye kila jioni nyuma ya tangi la maji, naona migongo tu. Wanapendana hao, nashukuru Mungu.

Mdogo wako mwenye penseli


20 Oktoba

Kipaza,

Darasa letu liko nyuma ya tangi. Siku ya kwanza nilimpa penseli, akaichomeka kwenye kipande cha bomba aone kama itatokea upande wa pili. Ilitokea. Akashangilia, somo likaishia hapo.

Herufi zilimkataa kabisa mpaka siku moja akasema mwenyewe, "Dada, hii L si ni elbo tu, ile kona ya bomba?" Nikamwangalia. "Na T ni ile tii ya Baba, inagawa maji huku na huku. I ni bomba limenyooka. J limepinda, hilo linaenda chooni." Tangu hapo anaandika! Ila anaandika kama anayefunga mabomba, herufi zote zimeshikana zisivuje. Nimemwonya asiseme mambo ya elbo mbele ya walimu, watamwona ana utoto.

Kiingereza kinakwenda. Kikombe anakijua, mpira anaujua, kuku tunabishana.

Mkao ndio nimeuweza. Anakaa mikono kifuani kama bwana harusi anayepigwa picha. Hajiloweshi. Koki haigusi. Juzi jirani kapita na kandambili kavu, kasimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu.

Ngoja nikiri. Nilikuwa najisifu kweli, mpaka jana naosha vyombo nikasikia nyumba ilivyo kimya. Kimya hicho nakifahamu, Kipaza. Ni changu. Nimemwambukiza?

Au ndiyo kufundishika kwenyewe? Niambie ndiyo.

Konokono


31 Oktoba

Konokono mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako muda mrefu, na unajua mimi na kukaa.

Siwezi kukuambia ndiyo. Nilikudanganya kidogo. Usaili ule niliufanya, hilo kweli. Nilikunja mikono, nikasema gudi moningi, nikaonyeshwa picha ya kuku. Kuku nilikuwa namjua hata kwa Kiingereza, mama alinikaririsha nikiwa naogeshwa. Lakini neno halikutoka. Nilichotoa ni kingine. Nilijikojolea, Konokono, pale pale kwenye kiti, mbele ya Mwalimu Mkuu, na mama yangu amesimama mlangoni. Sasa unajua kwa nini nilikuandikia kwamba asijiloweshe.

Walinichukua kwa heshima ya mama. Mwaka mzima sikusema neno darasani. Mimi! Mimi unayenijua! Kelele zilikuja baadaye, na nadhani nazipiga ili wasije wakakumbuka. Ukimwambia mtu nakuua, halafu nakulilia.

Kwa hiyo sijui. Labda mwachie kidogo. Labda siku moja moja afungue koki.

Mambo mengine: mama yangu hayuko sawa. Ameniandikia nimwokotee vifuniko vya chupa huku bweni, "vingi iwezekanavyo". Vifuniko! Nahisi anataka kufungua duka la soda. Na anasema magoti yanamuuma kwa kukaa chini. Sasa nani kamwambia akae chini, na madawati yamejaa? Mkifika mchunguzeni.

Kipaza


10 Novemba

Dada yangu,

Barua yako nimeikunja ikawa ndogo sana, nimeiweka mahali pa moyo. Hakuna atakayejua.

Nilitaka kuacha, nimechelewa. Kesho tunaondoka na Baba kwa lori la mabomba, usaili ni keshokutwa. Baba atakuwa kwenye mradi, kwa hiyo nitakayeingia na Fundi ni mimi. Mimi! Mbele ya walimu! Mama anabaki na darasa lake. Ananishangaza huyo. Kila akimwangalia Fundi anacheka, anamwambia, "We nenda kacheze tu." Sidhani kama ameelewa uzito wa jambo.

Jana nilimwambia Fundi afungue koki apendavyo. Akakataa. Aliuliza, "Dada, nikifaulu nitaruhusiwa kucheza?"

Nikamfunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Konokono


14 Novemba

Kipaza!

Naandika nikiwa kitandani kwako, upande wa dirisha. Njoo unitoe.

Sikiliza. Tumeingia chumba cha usaili, Fundi kapakwa mafuta anang'aa, shati jeupe, na hakuna dawati. Hakuna! Kuna mkeka. Juu ya mkeka kuna beseni la maji, vikombe, mchanga, na vipande vya bomba, Kipaza, vipande vya bomba vya kweli! Nikarudi nyuma nitazame mlango, nilidhani tumepotea. Na Mwalimu Mkuu wako mwenyewe ameketi chini, kavua viatu, soksi ina tundu dole gumba linachungulia. Pembeni yake mwalimu mwingine kijana. Akasema kwa Kiswahili, kwa upole ambao hukuniandikia, "Karibu, baba. Vyote hivi ni vyako. Cheza."

Fundi akakaa. Akakunja mikono. Mgongo rula.

"Gudi moningi, ticha."

"Cheza tu, baba."

"Yesi, ticha." Hakusogea.

"Hupendi maji?"

Akayatazama yale maji kama mtu aliyekutana na rafiki yake kipenzi mbele ya wakwe. "Yanalowesha," akasema. "Dada amesema nisijiloweshe."

Wote wakanigeukia. Laiti beseni lingekuwa kubwa ningelifunika juu yangu. Nilielewa hapo hapo, bila kuambiwa. Tumemkaririsha mtihani ambao haupo. Yote aliyoyajua tangu azaliwe yalikuwa ndiyo majibu, na mimi ndiye niliyemfundisha kuyafunga.

Mwalimu Mkuu akanong'ona na mwenzake. Nilisikia. "Ana adabu sana, ila hajafunguka. Mwakani labda."

Mwakani! Unanijua, nikaanza kupanga sentensi. Nikaipanga kwa Kiingereza, nadhani kwa mazoea ya kuogopa. Nikaikagua. Nikabadilisha neno. Mwalimu Mkuu ameshaanza kupapasa viatu vyake. Ndipo nikamkumbuka Mama anavyowafanya watoto wapya wanaolia, sentensi nikaitupa, nikapiga magoti mkekani. Nikachukua mabomba nikayaunga vibaya. Vibaya kabisa! Nikamimina kikombe kizima, maji yakarudi kwenye sketi yangu.

Fundi akatazama. Mikono kifuani, lakini vidole vimeanza kuchezacheza.

Nikamimina tena, nikasema kwa sauti ambayo sijui niliihifadhi wapi miaka yote, nadhani niliazima yako: "FUNDI! BOMBA LIMEPASUKA HUKU! MTAA MZIMA UNAZAMA NA WEWE UMEKUNJA MIKONO!"

Akaruka kama chura. "Nani kafunga hii? Nani? Hii elbo mmeiweka kichwa chini!"

Baada ya hapo sikuona vizuri, maji yalinifika machoni, ya beseni na yangu. Mengine atakusimulia mama yako, alikuwa koridoni.

Konokono (sauti imekauka kwa kutumika)


15 Novemba

Mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujasoma.

Nilikuwa koridoni nimebana pumzi. Nikasikia ukelele wa msichana, nikajua Kipaza ametoroka bweni. Kumbe ni yule wako asiyesema! Mara mlango ukafunguka kwa kishindo, Fundi huyo, amelowa chepechepe, shati limetoka nje. "Mama Mkubwa, koki kubwa ya shule iko wapi? Haraka!" Na mimi kwa kiherehere changu nikamwonyesha.

Akaizungusha kwa mikono miwili na meno yameuma ulimi. Akarudi anadai chaki. Eti fundi hafungi maji bila kutangaza, baba yake kamwambia. Nikampa. Akaandika kwenye mlango wa ofisi ya Mwalimu Mkuu, herufi zimeshikana kama mabomba: HAKUNA MAJI. J imegeukia upande mwingine. Nikamuuliza, akanieleza kwa subira kwamba choo kiko upande ule.

Ndani nilimkuta Mwalimu Mkuu wetu, ambaye mimi namwogopa mpaka leo, amepiga magoti kwenye dimbwi, ameziba bomba kwa vidole gumba viwili. Nikamwambia, "Mama, inuka." Akasema, "Kijana ameniambia nisiachie." Na hakuachia!

Shule nzima ilikosa maji mpaka mchana. Wapishi walilalamika, vyoo vikanuna, lakini nani angethubutu kufungua, tangazo liko mlangoni kwa mkubwa mwenyewe? Alipojua aliyefunga ni Fundi, alikaa chini upya akacheka mpaka soksi ya pili ikatoboka. "Mwandikisheni leo," akasema, "kabla hajajifunza umeme."

Kisha akasita. "Lakini waraka unasema wasiandike. Huyu ameandika." Nikamwambia hakuandika, alikuwa anacheza. Akaniangalia, akaangalia mlango. "Hebu tusilifute kwanza," akasema.

Kwa hiyo jibu la penseli zako ndilo hilo, dada yako amelipata akiwa ameloa. Usiwape penseli, wape kwanza tangazo la kuandika. Mwenye duka aandike duka, mwenye hospitali aandike foleni. Na mimi leo nilikaa mkekani, nikajenga daraja likaanguka. Yule wa "ukurasa wa ngapi" akasogea, akaguna, akaninyang'anya mchanga. Nilikuwa karibu kulia.

Binti yako usimgombeze. Kumbe nyuma ya tangi alikuwa anafundisha mtihani wangu wa zamani, na sisi wakubwa tunafichana siri mpaka mtoto anakunja mikono. Ametueleza yote mezani mwenyewe, kwa mdomo wake, kuanzia mwanzo, mpaka chakula kikapoa. Uliwahi kumsikia akiongea hivyo? Mimi nilisahau kutafuna.

Jioni nimemwandikia Kipaza pia. Kuna jambo la kiti na picha ya kuku nilipaswa kumwomba radhi miaka mingi iliyopita. Nilisimama mlangoni, nikaona aibu yangu, sikuona yake.

Dada yako


24 Novemba

Konokono,

Nimepata barua mbili siku moja, yako na ya mama. Yako nimeisomea bweni zima nikiwa juu ya sanduku. Tulipofika "elbo mmeiweka kichwa chini", matroni aliyekuja kunipa adhabu aliomba nirudie kuanzia mwanzo.

Ya mama nimeisoma peke yangu. Sijaisomea mtu. Nimeijibu, ndefu. Nilitulia siku nzima, wenzangu wakadhani ninaumwa.

Vifuniko nimekusanya mfuko mzima, nimeelewa sasa si vya soda. Ila wakubwa wetu hawa, kweli? Nchi mbili jirani, zinabadilishana chekechea kama wasichana wanaobadilishana sketi, hakuna aliyeuliza mwenzake kama inambana?

Jina lako silibadilishi. Konokono ana pembe, ni kwamba huzitoa akitaka. Na dirisha ni langu. Nikija nisikukute hapo.

Mwambie Fundi aniandikie. Akitaka tu. Asilazimishwe.

Kipaza


3 Desemba

Kipaza,

Tumerudi kufunga mizigo. Nilimwambia Fundi maneno yako yote, pamoja na "akitaka tu". Akasema hataki, akaenda zake. Mama akanikonyeza, akaketi sakafuni na karatasi, akaanza kukuandikia barua vibaya, anwani kaiweka katikati na stempu kaichora chini. Fundi alivumilia kidogo. Kisha tukasikia, "Mama, lete hapa. Hiyo haitafika."

Penseli ni ya boksi la wizara. Uani pamejaa maji, na jirani amekuja kutuaga, kandambili kashika mkononi, anacheka.

Hii hapa. J zake zimeangalia kwenu.

Konokono


DADA KIPAZA
MAJI YAPO
NJOO
FUNDI